Wakubwa Waliokuja Karatu Kujifunza Kuogopa

Pale Karatu, kwenye tuta la mwisho kabla magari ya wageni hayajaanza kuuparamia mlima kwenda geti la Ngorongoro, kuna kijiwe ambacho benchi lake ni siti ya nyuma ya Landkruza iliyokufa zamani. Hakuna gari liendalo kreta lisilopunguza mwendo pale, kwa hiyo watu wa kijiwe hicho wanajiona wameikagua dunia nzima bila kununua pasipoti. Kahawa ni ya Laurencia, ina tangawizi ya kuchoma koo, na ulimi wake Laurencia nao ni hivyo hivyo. Siku hiyo waliketi watatu. Kulikuwa na Isaya fundi simu, wanayemwita Setilaiti kwa sababu hakuna jambo la duniani asilodai limemfikia yeye kwanza. Kulikuwa na Naftali dereva wa watalii, jina lake Gia Mbili, kwa kuwa kwake kila shida ni mlima na kila mlima unapandwa kwa gia ya pili. Na kulikuwa na Thomasi, mkulima wa mahindi na maharage, mtu mzima aitwaye Mipango, ambaye siku hiyo alikuja amevaa koti la kanisani wakati haikuwa Jumapili.

— Mipango, leo unaoa tena? Laurencia alimuuliza huku akimmiminia.

— Nangoja Fuso.

— Fuso ndilo unalivalia koti?

— Mama, siku mtu anapofunga ukurasa lazima avae vizuri.

Koti lilikuwa na sababu, na kijiwe kizima kiliijua. Tangu ujana wake Thomasi alikuwa na rafiki huko Malambo, nyikani upande wa pili wa milima, Mmaasai aitwaye Sitonik. Zamani hizo walipeana ng'ombe, kila mmoja akatoa dume la kwake, na kwa desturi ya Wamaasai watu waliopeana ng'ombe huacha kuitana majina. Huitana Pakiteng mpaka kufa. Tangu hapo ng'ombe wa Thomasi walikaa kwa Sitonik, maana Karatu ni mashamba matupu na malisho ni ya kuviziana na majirani. Na ukame ulipoikausha Malambo, Sitonik naye aliwapandisha ng'ombe wake wa maziwa kwa Thomasi, wakala mabua ya mahindi kwenye lile shamba la kando ya lami mpaka mvua ikarudi. Sasa Thomasi alikuwa amepata mpango mkubwa kuliko yote aliyowahi kupanga. Ng'ombe wote walikuwa wanarudi leo kwa lori la Fuso, mnunuzi alikuwa anawangoja mnadani, na fedha zao zilikuwa za nusu ya gari la watalii, nusu nyingine ikiwa ya shemeji yake. Lile shamba la kando ya lami lingepandwa nyasi za mapambo na kujengwa vyoo vya kuflashi, liwe kempu ya wageni wa mahema. Mkewe Bernadina aliposikia alisema "sawa," ile sawa ya mtu anayefunga mlango, na hakuongeza neno.

— Na wewe Gia Mbili, Isaya akamgeukia Naftali, mbona umekaa kama mjane? Wale wakubwa wako umewamwaga wapi?

— Wamejifungia hotelini, mzee baba. Leo hawatoki. Mapazia yamefungwa, simu wamekusanya kwenye beseni.

— Simu kwenye beseni! Isaya akakohoa kahawa. Basi nimeshawajua. Hao ni watu wa madini. Mtu akificha simu anaficha ramani.

— Madini gani? Kuna askofu mle ndani.

— Askofu hapendi dhahabu? Laurencia akauliza, na wote wakacheka.

Naftali hakucheka sana. Kwa kawaida yeye ndiye mpiga soga wa kijiwe, mtu wa kukuigiza mtalii wa Kijerumani akimkimbia nyani mpaka ukashika mbavu. Lakini kwa siku kadhaa zile alikuwa amepoa, kama mtu aliyetoka kuona maiti au malaika. Thomasi alikuwa ameliona hilo, ila kichwa chake kilikuwa kwenye Fuso.

— Hebu waambie vizuri, Thomasi akasema. Hao watu ni wa wapi?

— Ni wa visiwa fulani, mbali, bahari ya huko kwingine. Nchi kamili, ina bendera yake, ina wimbo wake wa taifa. Lakini ni ndogo, jamani. Ni ndogo mpaka nikaona vibaya kuuliza. Watu wote wa ile nchi ukiwaleta hapa, wilaya yetu ya Karatu peke yake inawazidi.

— Acha uongo, Laurencia akasema.

— Kweli tena. Waziri wao mmoja ndiye aliyeniambia. Kule kwao, anasema, ukimtukana mtu asubuhi, jioni unagundua umemtukana shangazi yako.

— Na wamekuja wangapi? Taifa zima?

— Wamekuja wanaoishika nchi. Wa jeshi yupo. Mkuu wa benki yupo. Muuguzi mkuu wa hospitali yao. Askofu. Mkubwa wa bandari. Mama mmoja wa umeme, yaani akibonya kitufe nchi yote giza. Mkuu wa wavuvi, halafu kijana wa redio. Kila sekta mtu wake, wamepakiwa kwenye magari yangu na ya wenzangu.

Isaya akaweka kikombe chini. Macho yalikuwa yameanza kumng'aa, na wenzake waliijua dalili hiyo.

— Sikilizeni niwaambie. Wakubwa wote wa nchi, mara moja, ndani ya Karatu. Nyie hamjiulizi? Hao wamekuja kununua.

— Kununua nini?

— Karatu! Bahari inapanda, si mnasikia kwenye taarifa? Nchi yao inazama. Wanatafuta pa kuhamia palipo juu. Na hapa tulipo ni juu. Baridi ipo, udongo upo, kahawa ipo. Kesho kutwa utaamka ukute bendera ya watu kwenye boma la wilaya.

— Wakihamia wote watanywa kahawa kwangu, Laurencia akasema. Waje tu.

— Hawahamii Karatu, mama. Karatu ni geresha. Isaya akashusha sauti. Wanakwenda ndani ya kreta. Fikiria! Ukuta umezunguka pande zote, Mungu mwenyewe kaujenga. Maji yapo, nyasi zipo. Unaweka askari wawili pale barabara ya kushukia, wawili pale ya kupandia, umemaliza ulinzi wa taifa.

— Na simba? Thomasi akauliza.

— Simba ndio jeshi lenyewe!

Hapo hata Naftali alicheka, na mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita tutani akapiga honi kushangilia asichokijua. Laurencia akaongeza mkaa. Thomasi akatazama barabara upande wa Mto wa Mbu, ambako Fuso lingetokea, akaona malori mawili ya vitunguu na basi moja la abiria tu.

— Setilaiti, Naftali akasema baada ya kicheko kuisha, ungejua umegusa wapi usingecheka. Wiki iliyopita niliwapandisha pale juu, kwenye ukingo. Unajua asubuhi pale, ukungu huoni hata kioo cha gari. Wakashuka, wakasimama wamejikunyata, hakuna kinachoonekana, mimi nawaambia subirini. Mara wingu likafunguka. Lote, kwa mkupuo. Chini kule likatokea ziwa linameta, na nyumbu kama pilipili manga iliyomwagika. Mimi nimewaonyesha watu kreta miaka yote hii. Wengine wanapiga kelele, wengine wanapiga picha. Hawa hawakufanya chochote. Halafu yule mama wa umeme akasema taratibu, "Inatosha." Nikamuuliza, nini inatosha? Akasema, "Kile kisiwa chetu kikubwa kinaingia humo ndani chote, na nafasi inabaki."

Laurencia akaacha kuupepea mkaa.

— Mkuu wa jeshi akavua kofia, Naftali akaendelea. Nami nikamwambia, kama tunavyowaambia wageni wote, kwamba hapa zamani ulikuwepo mlima mrefu sana, ukalipuka, ukabomokea ndani. Akaniuliza, "Mlima ulijua?" Jamani, ningemjibu nini? Mtu mzima, mwenye nyota mabegani, ananiuliza kama mlima ulijua.

— Yesu wangu, Laurencia akasema.

Thomasi amezaliwa chini ya ule mlima, amechunga chini yake, na hajawahi hata siku moja kuuhurumia.

— Sasa kule hotelini wanafanya nini na mapazia? akauliza.

— Ndiyo hayo nataka kuwaambia, mnanikatiza na simba. Wanafanya zoezi la kuogopa.

— Zoezi la nini?

— La kuogopa. Sijui nitumie neno gani. Kuna mama mmoja mnyamavu, ndiye anawaongoza. Kila asubuhi anaingia na karatasi yenye habari mbaya, anaisoma, halafu anakaa. Habari yenyewe ni ya kutunga, lakini wakishasomewa wanaichukua ni kweli mpaka jioni. Siku ya kwanza akasoma: meli haijaja. Basi. Meli haijaja, na haijulikani itakuja lini. Kwao kila kitu kinakuja na meli. Unga, dizeli, sabuni, misumari.

— Si wangekula samaki, Isaya akasema. Si wana bahari?

— Hata mimi nilisema hivyo moyoni. Mkuu wa wavuvi akasimama akasema, injini za boti zinakunywa dizeli, na dizeli iko melini. Mkuu wa jeshi akasema, sisi tutalinda maghala. Muuguzi akamuuliza, mtalinda maghala ya nini, mkuu? Yana nini ndani? Yule mzee akakaa. Kisha muuguzi akasema dawa ya watu wa sukari nayo iko melini, na akaanza kuwataja. Nchi ndogo, si nimewaambia? Anawajua kwa majina. Anataja, na kila akitaja kuna mtu mle ndani anainamisha kichwa, maana ni mama yake, ni mwalimu wake, ni jirani. Mkuu wa jeshi alilia. Alilia wazi, hajifichi.

— Na wewe uliyaonea wapi? Laurencia akauliza. Ulichungulia dirishani?

— Mimi nilikuwa ndani! Naftali akajipiga kifua. Sisi madereva walituomba tuwe raia. Yule mama alisema zoezi lisilo na raia ni mchezo wa wakubwa peke yao. Mimi kazi yangu ilikuwa kuingia kila baada ya muda na kudai petroli. Naingia, napiga meza, "Nataka petroli, mke wangu mjamzito!" Na waziri ananisihi kama mtoto. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Mara ya tatu, jamani, nilikuwa nataka petroli kweli.

— Siku ya pili je?

— Siku ya pili, kebo ya chini ya bahari imekatika. Intaneti hakuna, benki hazifunguki, simu za nje hazipo.

— Intaneti inapita chini ya bahari? Laurencia akamgeukia Isaya. Si wewe umetuambia kila siku inatoka setilaiti?

— Inapita kote kote, Isaya akasema haraka. Kwanza mimi ndiye niliyewaambia habari za kebo.

— Hukutuambia.

— Niliwaambia moyoni.

Kijiwe kikaanguka kicheko tena, na Isaya, ambaye hapendi kushindwa, akaona dawa ni kwenda mbele zaidi. Akasema hiyo kebo anaijua, inatokea Ulaya, inapita chini ya bahari na chini ya nchi kavu, na kichwa chake kiko Oldoinyo Lengai. Ule moshi mnaouona Lengai si wa volkano. Ule ni joto la intaneti ya Afrika Mashariki. Siku mlima ule ukizimwa, hata kanisani hamtasikia spika.

— Sasa wale wakubwa, akamalizia, wamekuja kuomba waya.

— Setilaiti, kwenye kahawa yako leo nimeweka nini? Laurencia akauliza.

— Siku ya tatu, Naftali akaendelea, ndiyo iliyonimaliza. Aliwabadilisha viti. Askofu akakaa kiti cha umeme. Mama wa umeme akakaa kwa muuguzi. Mkuu wa benki akawa mvuvi. Kisha akasoma: mafuta yaliyobaki yanawasha robo ya nchi, chagueni pa kuzima. Askofu akachukua kalamu. Akazima kanisa lake kuu kwanza, bila kufikiri, tukampigia makofi. Akazima nyumba yake. Akazima mitaa ya wenye nacho. Halafu zikabaki hospitali, pampu ya maji na kiwanda cha barafu cha wavuvi. Akashika kalamu, akaiweka. Akaishika, akaiweka. Akamwambia yule mama wa umeme, "Miaka yote nimekaa nakulaumu." Akasema hivyo tu.

Mara hii hata magari yaliyopita tutani yalionekana kupita polepole zaidi. Laurencia alikuwa ameshika birika hewani na hamimini. Thomasi alijikuta anamwonea fahari askofu wa watu asiowajua, wa nchi ambayo hata jina lake Naftali alilitamka kila mara tofauti. Alijiuliza ni nani angekubali kutoka kwake, apande ndege mbili tatu, aje mpaka Karatu, ili tu aketi na kujionyesha namna atakavyoshindwa. Wakubwa aliowajua yeye hupenda kuketi mahali wanapopigiwa makofi. Ilimtisha, na katika kutisha kule kulikuwa na uzuri, akatamani angekuwa raia wa kudai petroli mle ndani.

— Na dawa ya hofu hiyo wameipata? Laurencia akauliza. Au wanaogopa tu halafu wanarudi?

— Dawa moja wanayo tayari, na hiyo walianza kitambo. Hawaweki vyao vyote nyumbani. Mbegu zao, za viazi, za migomba, za kila kitu, ziko ghalani kwenye nchi nyingine. Kumbukumbu za nani kazaliwa, kiwanja kipi cha nani, ziko nchi nyingine tena. Akiba ya fedha iko kwingine. Wamewapa watu wawashikie. Kimbunga kikija kikafagia kila kitu mpaka jiwe, nchi bado ipo, ila iko kwa marafiki.

— Nchi iko kwa marafiki, Laurencia akarudia, kama anaionja.

— Na wao vilevile wanawashikia wenzao. Kile kisiwa, pamoja na udogo wake, kina ghala la mbegu za visiwa vingine viwili. Yule mkuu wa wavuvi ndiye ana ufunguo. Anauvaa shingoni na rozari. Alinionyesha.

Thomasi akafungua kifungo kimoja cha koti.

— Na siku mmoja akitaka vyake? akauliza. Yaani anasema, nirudishie, nina mpango wangu.

Naftali akamtazama.

— Ndilo lililoleta kelele jana. Yule wa benki alisimama akasema, kuwekesha vitu kwa watu ni ushamba, turudishe vyote, tujenge bandari kubwa moja, meli za kitalii zije, tutajirike sote. Aliongea vizuri, jamani, mpaka nikataka kumpa kura. Ukumbi ukagawanyika.

— Ikawaje?

— Sijui. Niliitwa kubadili tairi. Niliporudi walikuwa wanakula, na kila mtu kanuna.

— Yule wa benki ndiye mtu mwenye akili kwenye msafara mzima! Isaya akasema, akafurahi kupata mahali pa kusimama. Mnaona? Hata hapa kwetu tunaye. Mtazameni Mipango. Miaka yote ng'ombe wake wako nyikani kwa watu, analipwa nini? Habari tu. Ng'ombe kazaa, ng'ombe kafa. Leo kasema basi! Vyote vinarudi, vinageuka gari, gari linamleta mgeni, mgeni analala kempu ya Mipango, anaoga maji ya Mipango. Huo ndio uongozi. Mpeni nchi huyu.

Siku nyingine Thomasi angeyapokea maneno hayo na tabasamu la kujishusha lisilojishusha. Siku hiyo tabasamu halikuja. Alifikiria shamba la kando ya lami, siku zile za ukame, likiwa limejaa ng'ombe wageni waliokonda mbavu nje, wakitafuna mabua usiku kucha. Bernadina alikuwa akilalamika kwamba hapati usingizi kwa ile sauti. Ng'ombe walipoondoka, akalalamika kwamba hapati usingizi kwa ukimya.

— Gari likipata ajali? Laurencia akauliza, wala hakumtazama mtu.

— Bima, Isaya akajibu.

— Na watalii wasipokuja? Mwaka ule wa ugonjwa barabara hii walipita mbwa peke yao. Huyu Gia Mbili aliuza mkaa.

— Niliuza, Naftali akakiri.

— Mama, usimtie mtu nuksi siku ya kazi yake, Isaya akasema.

Honi ndefu ikalia kutoka upande wa mjini. Fuso lilikuwa linakuja, limepakwa vumbi jeupe la kule chini ya Lengai mpaka kwenye taa, na juu ya mbao za ubavuni zikionekana pembe. Lilisimama kando ya tuta, na kabla halijatulia vizuri mlango ukafunguka, akashuka mzee mrefu, shuka nyekundu, kandambili za tairi, fimbo mkononi, na ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa chini ya kwapa.

— Sopai, Pakiteng.

— Epa, Pakiteng, Thomasi akaitika, akasimama kwa haraka mpaka kahawa ikamwagika. Umepanda nao mwenyewe? Si nilisema dereva anatosha?

— Ng'ombe wako niwapakie na mtu nisiyemjua? Sitonik akasema, akamshika mkono na asiuachie. Nimewaleta mimi.

Wakaenda pamoja mpaka ubavuni mwa Fuso, kijiwe kizima kikifuata nyuma. Thomasi alichungulia katikati ya mbao na moyo ukampasuka kwa furaha na kwa kitu kingine. Walikuwa wamenawiri. Walikuwa wengi kuliko aliowatarajia. Sitonik akawaonyesha kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja: yule mwekundu ni binti wa yule uliyemnunua Mbulu, huyu mwenye baka jeupe mguuni mama yake alikufa akimzaa, tumemnywesha kwa chupa, mke wangu ndiye mama yake, yule dume ni mkorofi, mwambie atakayemnunua asimpe mgongo. Kisha akaikunjua ile ngozi chini, kwenye majani.

— Na huyu aliliwa na fisi kabla ya mvua. Hii ngozi yake. Nilikutunzia usije ukasema Pakiteng alimla.

— Singesema, Thomasi akajibu.

— Najua. Lakini ngozi ni yako.

Hakuwa na kinyongo mtu yule. Hilo ndilo lililomsumbua Thomasi kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa manung'uniko, akapanga majibu tangu jana, na sasa majibu yote yalikuwa mfukoni hayana pa kutumika. Sitonik alisema safari ilikuwa njema, akauliza hali ya Bernadina, akauliza hali ya mvua, akauliza hali ya mahindi. Laurencia akamletea kahawa, akakataa kulipwa. Mzee akakaa kwenye ile siti ya Landkruza, akanywa, akashangaa ukali wa tangawizi, akawasalimu Isaya na Naftali tena upya kwa mpangilio wake. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wanakanyaga mbao za Fuso.

— Mzee, Isaya akamwambia, Pakiteng wako sasa anakuwa tajiri. Lile shamba unaloliona pale linakuwa kempu. Wazungu watalala pale.

Sitonik akageuka akalitazama shamba. Mabua ya msimu ule yalikuwa bado yamesimama, makavu, yanasuguana kwa upepo.

— Ni vizuri, akasema. Wazungu ni wasafi.

Akanywa funda la mwisho, akakitazama kikombe, akakirudisha kwa Laurencia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Thomasi, na akauliza kama mtu anayeuliza njia, hana hasira, hana mzaha.

— Sasa Pakiteng, ukame ukija, mimi wangu niwalete kwa nani?

Thomasi akafungua mdomo. Aliona neno "kwangu" liko pale pale ulimini, akalitazama shamba, akaona nyasi za mapambo, akaona vyoo, na neno likakataa kutoka. Mipango yake yote alikuwa ameipiga hesabu upande wa ng'ombe wake mwenyewe. Upande ule mwingine hakuwahi hata kuupitia. Aliona haya ikimpanda kutoka shingoni, na nyuma ya haya ikaja hofu halisi. Aliona waziwazi kwamba siku kempu ikianguka na gari likilala, yeye naye hatakuwa na pa kupeleka hata mbuzi.

— Kwa... Isaya akaanza. Fundi wa kila jibu, mtu wa Lengai na makebo, akakuna kidevu. — Si kuna serikali? Akajisikia mwenyewe, akainamia kikombe chake.

Naftali alikuwa amevua kofia yake ya udereva, hata hajui ameivua lini. Laurencia alikuwa anapangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

Simu ya Thomasi ikaita. Ilikuwa ya mnunuzi, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kusikika na wote.

— Mzee, nipo mnadani, watu wanaanza kutawanyika. Fuso limefika?

— Limefika.

— Basi lete, unangoja nini?

— Ngoja kwanza.

— Ningoje nini tena, mzee wangu? Bei tumeshapatana!

— Kuna mtu kaniuliza swali hapa, Thomasi akasema. Nikimjibu nitakupigia.

— Swali? Jibu lake linachukua muda gani?

Thomasi akawatazama wenzake pale kwenye siti, mmoja baada ya mwingine, akisubiri japo mmoja amsaidie, na hakuna aliyeinua macho.